Pima Kasi ya Sauti kwa Bomba, Nondo na Bildi

Radi ikimulika, anza kuhesabu sekunde polepole mpaka usikie ngurumo. Gawanya hesabu yako kwa tatu: hizo ndizo kilomita zilizopo kati yako na mahali ilipopiga. Ukihesabu tisa, iko kilomita tatu. Ukihesabu 30, iko kama kilomita kumi, na hapo tayari umo ndani ya eneo ambalo radi inayofuata inaweza kukupata. Acha jembe, vuta mtumbwi pwani, ingia kwenye nyumba au gari lenye bodi ya chuma, na usitoke mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Kwa watu wa Ziwa Victoria, na zaidi kwa watu wa Kabare huko mashariki mwa Kongo, ambako radi hupiga mara nyingi kuliko kwingine kote Afrika, ingefaa watoto wafundishwe hesabu hii mapema kabisa.

Inafanya kazi kwa sababu mwanga hufika papo hapo, na sauti hupita hewani kwa mita 350 hivi kwa sekunde. Ukishaijua kasi, muda unageuka kuwa kipimo cha umbali. Na si hewa tu. Maji yana kasi yake, chuma kina yake, mbao ina yake, tena mbao moja ina mbili. Nyingi ya namba hizo hazihitaji maabara kuzipata. Zinahitaji kipande cha bomba la plastiki, ndoo, nondo, simu na mtu wa kukusaidia kushika tepu.

Kabla ya kushika vifaa, kuna jambo moja la kunyoosha, kwa maana limekaririwa na wanafunzi wengi. Wanafundishwa kwamba sauti hukimbia zaidi kwenye yabisi kwa kuwa chembe zake zimesongamana, kwa hiyo kitu kikiwa kizito zaidi, sauti nayo hukimbia zaidi. Ingekuwa hivyo, risasi, yale madini mazito ya kutengenezea chubwi za wavuvi, ingeishinda alumini kwa mbali, maana ina uzito wa mara nne na zaidi kwa ujazo uleule. Kumbe kwenye fimbo nyembamba ya alumini sauti hupita kwa mita 5,100 hivi kwa sekunde, na kwenye fimbo ya risasi kwa mita 1,200 tu.

Yanayoamua ni mambo mawili yanayovutana: ukakamavu wa kitu, yaani jinsi kinavyokataa kubonyea na kinavyorudi haraka katika hali yake, na uzito wake kwa ujazo. Fikiria watu waliojipanga foleni, na wa nyuma kabisa akamsukuma aliye mbele yake. Wakiwa wamejikaza, msukumo unafika mbele mara moja. Wakiwa wamelegea, au kila mmoja amebeba gunia, unachelewa. Ukakamavu huharakisha, uzito huchelewesha. Kihesabu, kasi ni kipeuo cha pili cha ukakamavu uliogawanywa kwa uzito huo. Chuma ni kizito kuliko alumini karibu mara tatu, lakini pia ni kikakamavu kuliko alumini karibu mara tatu, na ndiyo maana kasi zao zinakaribiana mno. Heliamu ni gesi nyepesi mara saba kuliko hewa, ila hubonyea karibu sawa na hewa, kwa hiyo sauti hupita ndani yake kwa kama mita 1,000 kwa sekunde. Mwalimu akiyaeleza haya kwanza, jedwali zima la kasi linakuwa na maana, na mwanafunzi hana haja ya kulikariri.

Sasa tuanze na hewa. Nunua kipande cha bomba la plastiki, upana wa sentimita tatu mpaka tano, urefu wa sentimita 40. Jaza maji ndoo ya lita 20 karibu na ukingo. Weka kwenye simu programu yoyote ya kutoa mlio wa kipimo, uitengeneze kwenye Hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde. Zamisha bomba wima mpaka libaki limechomoza sentimita sita hivi, mtu akushikie spika ya simu juu ya mdomo wake bila kuuziba, kisha inua bomba polepole sana. Simu isogee nalo.

Bomba likiwa limechomoza kama sentimita saba au nane, mlio utavimba ghafla na kuwa mkubwa kuliko simu yenyewe inavyoweza. Tia alama ya kalamu kwenye bomba, pale pale maji yanapoligusa. Endelea kuinua: mlio utafifia, halafu utavimba tena likikaribia sentimita 25. Tia alama ya pili. Pima nafasi kati ya alama hizo mbili kwa rula ya milimita. Hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi. Izidishe kwa mbili, kisha kwa 1,000. Hewa ikiwa na nyuzi 30 za Selsiasi, nafasi hiyo ni sentimita 17 na nusu hivi, na jibu ni kama mita 350 kwa sekunde.

Usikubali kutumia alama ya kwanza peke yake, ingawa baadhi ya maelekezo husema izidishwe kwa nne. Sauti humwagika kidogo nje ya mdomo wa bomba, na kwa hiyo wimbi ni refu kuliko bomba linavyoonyesha. Ukichukua tofauti ya alama mbili, kosa hilo linajifuta lenyewe. Rudia mara kadhaa, kila mara ukianzia chini. Ukikosea milimita mbili, jibu litayumba kwa mita nne tu kwa sekunde, na hilo linavumilika.

Kinachonipendeza kwenye jaribio hili ni kwamba linaona hata joto. Kasi ya sauti hewani ni mita 331 kwa nyuzi sifuri, na kila uzi mmoja unaoongezeka huiongezea sentimita 60 hivi kwa sekunde. Asubuhi ya baridi ya Njombe, kwenye nyuzi kumi, utapata mita 337. Mchana wa Dar es Salaam, kwenye nyuzi 32, utapata 350. Tofauti ya alama kwenye bomba ni zaidi ya milimita sita, na jicho linaiona bila shida. Kinyume na wengi wanavyodhani, wembamba wa hewa ya mlimani si sababu: hewa ikiwa nyepesi, ukakamavu wake nao hupungua kwa kiwango kilekile. Kwenye kilele cha Kilimanjaro sauti huenda taratibu kwa ajili ya baridi tu. Na joto lilimsumbua hata Isaac Newton. Hesabu yake ya mwaka 1687 ilipungua kwa karibu asilimia 15, hadi Pierre-Simon Laplace alipoeleza, mwanzoni mwa karne ya 19, kwamba hewa inayokandamizwa na wimbi la sauti hupata joto kwa nukta ile, na joto hilo huikakamaza zaidi.

Asiye na bomba atafute ukuta mpana wa shule au ghala, na uwanja mtupu mbele yake. Simama mita 60 kutoka ukutani. Piga mbao mbili pamoja, sikiliza mwangwi, kisha uendelee kupiga kwa mwendo sawa, mwangwi ukianguka katikati kabisa ya pigo na pigo. Mwenzako apime muda wa nafasi 20 kati ya mapigo, akianza kuhesabu sifuri kwenye pigo la kwanza. Katika kila nafasi sauti ingeweza kwenda na kurudi mara mbili, yaani mita 240, basi nafasi 20 ni mita 4,800. Muda ukiwa sekunde 13.8, gawanya. Darasa zima linaweza kushiriki, na gharama ni vipande viwili vya mbao.

Kwenye yabisi mbinu inabadilika, maana chuma hakikupi nafasi ya kuhesabu. Nondo ya mita moja sauti huimaliza kwa sehemu ya tano ya milisekunde. Badala ya kuikimbiza, iache iende na kurudi ndani ya nondo yenyewe, na usikilize inaenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde.

Mwombe fundi akukatie mita moja kamili ya nondo laini, isiyo na mikunjo. Ishike katikati kabisa kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, ikining'inia huru. Gonga ncha yake moja kwa nyundo ndogo, ukifuata urefu wa nondo, kama unayetaka kuisukuma mbele, wala si kuipiga ubavuni. Ukiipiga ubavuni inapinda-pinda na kutoa milio mingine isiyohusika. Ukiipiga sawasawa, utasikia mlio mwembamba, mkali, unaodumu. Isogeze karibu na simu yenye programu ya kuonyesha masafa ya sauti. Iko ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, nayo inafaa sana kwa kazi hii. Utaona mwiba mmoja uliosimama karibu na Hezi 2,500.

Zidisha namba ya mwiba kwa urefu wa nondo, kisha kwa mbili. Nondo ya mita moja yenye mwiba wa Hezi 2,520 inakupa mita 5,040 kwa sekunde. Ukitaka hakika kwamba mwiba huo ndio wenyewe, hamishia vidole kwenye robo ya urefu, sentimita 25 kutoka ncha moja, ugonge tena. Mlio wa kwanza utakufa, na utasimama mwiba mpya wa namba mara mbili ya ule. Ukiona hivyo, umepima kitu sahihi.

Ukienda kulinganisha na majedwali ya vitabu, unaweza kukuta yameandika 5,900 kwa chuma hichohicho, ukadhani umekosea. Hukukosea. Fimbo nyembamba inapobanwa kwa urefu ina nafasi ya kutanuka kidogo ubavuni, kwa hiyo inakuwa laini kidogo. Ndani ya pande kubwa la chuma nafasi hiyo haipo, na sauti hukimbia zaidi. Namba zote mbili ni za kweli, kila moja mahali pake.

Fanya vivyo hivyo kwa mbao. Randa kipande cha mita moja, chembamba, chenye nyuzi zilizonyooka, ukishike katikati na kukigonga nchani. Mlio wake hufa haraka, kwa hiyo gonga mara nyingi huku ukiangalia simu. Kwa kufuata nyuzi, mbao nzuri kavu hutoa kati ya mita 3,500 na 5,000 kwa sekunde. Kwa kukata nyuzi kasi hushuka hadi karibu robo au theluthi ya hapo, kwa sababu mti ni mkakamavu kwa urefu na laini kwa upana. Mbao iliyoanza kuoza au yenye ufa wa ndani huanguka chini ya wenzake wa aina ileile hata kama rangi yake haijabadilika. Seremala anayechagua mbao za kifaa cha muziki, au boriti ya kubeba paa, atafaidika akigonga vipande vyote vya aina moja na kuandika namba zao kwa chaki. Wahandisi nao hufanya hivyo kwa zege, ingawa wao hutumia mashine ya kupitisha mawimbi kutoka upande mmoja wa nguzo hadi wa pili. Zege nzuri hupitisha kwa mita 3,500 mpaka 4,500 kwa sekunde. Chini ya 3,000, nguzo hiyo inastahili kuulizwa maswali.

Kuna njia nyingine ya kuzisikia mbio za sauti kwenye chuma bila simu, na ina historia. Mwaka 1808 Mfaransa Jean-Baptiste Biot alitumia mabomba ya maji ya Paris, ya chuma, yaliyounganishwa kwa urefu wa mita 951. Mtu alipogonga ncha moja, msikilizaji wa ncha ya pili alisikia mapigo mawili: la kwanza kupitia chuma, la pili kupitia hewa, likichelewa sekunde mbili na nusu. Wewe huhitaji mita 951. Tafuta bomba refu la chuma lililochomelewa bila kukatika, la uzio au la kushikia mkono, lenye urefu wa mita 50. Weka sikio juu yake, mwenzako agonge mara moja upande wa pili. Chuma kitakuletea pigo kwa kama milisekunde kumi, hewa kwa 143, na sikio linayatenganisha mapigo hayo waziwazi. Usiende kulijaribu hili kwenye reli. Treni ya umeme ya Tanzania inayokwenda kilomita 160 kwa saa hukata mita 44 kila sekunde, na haina kishindo cha zile za zamani.

Maji yanahitaji umbali mkubwa au mashine. Mwaka 1826, kwenye Ziwa Geneva, Jean-Daniel Colladon na Charles Sturm walitumia mashua mbili zilizoachana kilomita 13 na zaidi. Mashua moja ilikuwa na kengele chini ya maji, ikigongwa wakati uleule baruti inapowashwa juu, na nyingine ilikuwa na Colladon akisikiliza kwa bomba refu lililozamishwa. Walipata mita 1,435 kwa sekunde katika maji ya nyuzi nane, jibu ambalo mashine za leo hazijalisogeza sana. Maji ya ziwa yenye nyuzi 25 hupitisha sauti kwa karibu mita 1,497. Bahari yetu, yenye chumvi na uvuguvugu wa nyuzi 28, inakaribia 1,540. Mashine ya ultrasaundi inayompima mama mjamzito nayo huhesabu kwa mita 1,540, kwa kuwa nyama ya mwili ni maji kwa sehemu kubwa.

Kwa mvuvi mwenye kifaa cha kupimia kina kwa mwangwi, tofauti ya 1,497 na 1,540 ni ya kuangalia. Kifaa hakipimi kina. Kinapima muda wa sauti kwenda chini na kurudi, kisha kinazidisha kwa kasi kilichoambiwa. Kikiwa kimewekwa kwenye 1,540 kikatumika ziwani, mita 10 za kweli kitazisoma 10.3, yaani kitakuonyesha kina kikubwa kuliko kilichopo, na hilo ndilo kosa baya karibu na mwamba. Kikiwa kimewekwa kwenye 1,500 kikapelekwa baharini, mita 40 kitazisoma 39, na kosa la namna hiyo halina madhara kwa chombo. Tia bildi, yaani kamba yenye chubwi, mahali palipotulia maji, pima kamba, linganisha na kioo. Kumbuka kuiongezea namba ya kioo kimo kutoka juu ya maji mpaka kwenye kihisi kilichofungwa chini ya chombo, maana mara nyingi tofauti nzima imejificha hapo na wala si kwenye kasi ya sauti.

Nimeiacha mwisho kwa makusudi kazi ambayo ingewapunguzia watu wengi kero, nayo ni spika za mikutano. Uwanja ukiwa mrefu, mafundi huweka spika za mbele jukwaani na nyingine katikati ya umati. Umeme hupita kwenye waya papo hapo, kwa hiyo spika zote husema kwa wakati mmoja, lakini sauti ya mbele inafika nyuma baada ya kutembea hewani. Spika za pili zikiwa mita 60 kutoka za kwanza, sauti ya mbele inachelewa milisekunde 172. Sikio huanza kusikia neno mara mbili pengo likizidi milisekunde 50 hivi. Matokeo yake mwombolezaji, muumini au mpiga kura aliyesimama nyuma anasikia maneno yanayokanyagana, na fundi anaongeza sauti, na mambo yanazidi kuharibika.

Dawa ni kuzichelewesha spika za nyuma. Karibu kila miksa ya kidijitali ina sehemu ya kuchelewesha sauti kwa kila njia ya kutokea. Pima kwa tepu umbali kutoka spika za mbele mpaka za nyuma, zidisha mita kwa 2.9, hizo ndizo milisekunde. Ongeza 10 mpaka 15 juu yake, ili sauti ya jukwaani itangulie kidogo. Sikio huamini kwamba msemaji yuko kule sauti ya kwanza ilikotokea, hata kama spika ya karibu ndiyo inayosikika zaidi, na msikilizaji ataendelea kutazama jukwaa badala ya kugeuka. Kwa mita 40, basi, ni 116 na kumi na kitu, tuseme 128. Spika zikiwa zimeachana chini ya mita 15, usijisumbue. Wala usihangaike na joto: mkutano ukianza mchana wa nyuzi 32 na kumalizika usiku wa nyuzi 22, katika mita 60 tofauti ni milisekunde tatu, na hakuna sikio litakaloitambua.

Ukimaliza kuweka namba, nenda ukasimame hatua chache nyuma ya mstari wa spika za pili, na mtu agonge mbao mbili mbele ya maiki. Unatakiwa usikie pigo moja. Ukisikia mawili, na la karibu limetangulia, ongeza milisekunde. La jukwaani likitangulia kwa mbali, punguza. Ukibadilisha namba kila namna na pigo la pili halijongei, hilo halitoki kwenye spika zako: ni mwangwi wa jengo lililo mbele au pembeni, na hapo miksa haikusaidii kitu. Inamisha spika zitazame vichwa vya watu badala ya ukuta, au zisogeze.